KRISPI ZA MATUNDA: KAUSHA KAU KABLA HUJACHUKUA MKOPO

Kama gazeti hili umelikuta mezani saluni au umeazima kwa jirani, poa tu, mimi sina neno. Ila mwenye nalo akilidai mrudishie, usije ukafungia vitumbua.

Wiki hii kuna ujumbe umenikaa rohoni. Mama mmoja wa Mbagala ameniandikia kwenye simu, ujumbe mrefu kama risala ya harusi. Anasema kwenye kichen pati ya mpwa wake alionja krispi za ndizi na nanasi zilizookwa, siyo zile za kukaanga. Zikamkolea. Akauliza bei, akaambiwa kapakiti kadogo ka kushika kwa vidole viwili kanauzwa kwa pesa ya sahani nzima ya wali maharage. Basi mama hakulala. Kikoba chake kiko tayari kumkopesha, dhamana ni hisa zake zote za miaka mitatu, pesa ambazo alikuwa anamwekea kijana wake kwa ajili ya chuo. Anataka anunue oveni kubwa awauzie watoto wa shule. Anauliza mambo mawili tu: zinaokwaje, na je, mkopo auchukue?

Mama yangu, shikamoo. Swali la kwanza nitalijibu kwa raha zangu zote. La pili utaliona likijijibu lenyewe humohumo njiani, maana jibu lake liko kwenye mizani ya jikoni, haliko kwa mwenyekiti wa kikoba.

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani. Zile krispi za ndizi za kwenye vifuko vya nailoni zimezama kwenye mafuta. Ni tamu, sikatai, nami nazitafuna. Hizi ni nyingine. Tunda linakatwa jembamba, linalazwa kwenye oveni ya moto mdogo, linatoa maji yake taratibu mpaka linakauka kau. Hakuna mafuta, hakuna sukari ya kuongeza. Na mtu asije akakwambia ni ujuzi wa Ulaya. Wasukuma wanakausha viazi vitamu tangu enzi za mababu: vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa ni matobolwa. Tofauti ni kwamba Usukumani jua halina mzaha na hewa ya kiangazi ni kavu. Wewe jaribu kuanika nanasi juu ya bati la Mbagala. Kabla halijakauka limeshachacha, na nzi wameshafanya mkutano mkuu. Hewa ya pwani imebeba maji mengi, ndiyo maana huku tunaoka.

Haya, tuingie jikoni. Tuanze na ndizi kwa sababu ndiyo iko kila genge.

Usichukue ndizi iliyoiva mpaka ina madoa meusi. Hiyo kula, au ponda utie kwenye maandazi. Ndizi mbichi imejaa wanga. Kadiri inavyoiva ule wanga unageuka sukari, na sukari inapenda maji kuliko bata. Ndizi iliyoiva sana ukiioka inatoka laini ya kuvutika kama ubani. Wewe chagua ya njano ambayo ncha zake bado zina ukijani. Mzuzu unafaa sana, na hizi ndizi ndefu za kawaida zinafaa pia. Kisukari mwachie mtoto ale hivyohivyo.

Menya, kata kwa kisu kikali, unene wa milimita 2 mpaka 3. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kipande kimoja kikiwa kinene na kingine chembamba, chembamba kitaungua wakati kinene bado kinalia machozi. Kama mkono wako unatetemeka kata kwa mshazari, inasaidia. Kisha andaa bakuli la maji, kila glasi moja ya maji tia vijiko viwili vya maji ya ndimu, loweka vipande dakika 3 hivi. Ndimu inazuia tunda kuwa jeusi, kwa sababu kule kugeuka rangi kunaletwa na hewa inapokutana na nyama ya tunda lililokatwa, na uchachu unakupunguzia kasi hiyo. Toa, kausha juu ya kitambaa safi. Nimesema safi, siyo kile cha kupangusia meza.

Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei, panga vipande kimoja kimoja visigusane. Oveni iwe nyuzi 100. Baada ya saa moja geuza. Baada ya saa mbili anza kuangalia. Oveni nyingi za gesi moto wake wa chini kabisa bado ni mkali. Hapo acha mlango wazi kidogo kwa kuubana na mwiko wa mbao, mvuke utoke na joto lipungue, lakini kama nyumbani kuna watoto wadogo wafungie nje ya jiko kabisa.

Sasa sikia siri ambayo wengi hawaijui. Krispi ikiwa ya moto haivunjiki! Utaichukua, utaikunja, itakunjika kama ngozi, utadhani bado. Toa kipande kimoja, kiweke pembeni kipoe dakika mbili, halafu kivunje. Kikilia "ka!" umemaliza. Kikikunjika rudisha trei dakika 15 nyingine. Ukishazima oveni ziache humohumo ndani mlango ukiwa wazi kidogo mpaka zipoe.

Na usidanganyike kuongeza moto ili uwahi tamthilia. Moto mkali unakausha ngozi ya nje tu, ngozi inakuwa ngumu inafunga mlango, maji yanabaki ndani. Jioni unaziona kavu, asubuhi zimelegea kama karatasi iliyonyeshewa.

Nanasi nalo linakwenda njia hiyohiyo ila linataka subira zaidi, saa tatu au nne, na likatwe jembamba mpaka ukiliinua uone mwanga unapita. Nanasi la Kiwangwa kule Bagamoyo ni tamu balaa, na utamu huo ndio unaolifanya likatae kukauka. Pembeni litalia ka, katikati litavutika. Wengine ndivyo wanavyolipenda. Papai usijisumbue. Tikiti ndiyo kabisa, zaidi ya asilimia 90 ni maji, utaoka mpaka ubaki na harufu.

Embe nataka niliseme taratibu, kwa sababu linatuumiza roho kila mwaka. Msimu ukifika maembe yanamwagwa barabarani, unauziwa fungu kwa bei ya kutupa, wiki mbili yanaoza mpaka mtaa mzima unanuka pombe. Ukifika mwezi wa nne unamtafuta muuza embe kwa tochi. Watu wanadhani embe bivu ndilo la kukausha. Kwa kuvutika na kutafuna taratibu, sawa, ni tamu sana. Kwa kulia "ka!" hapana, sukari yake ni nyingi. Embe la krispi ni bichi, lile tunalokula shuleni kwa chumvi na pilipili. Limenye, likate jembamba, lipakaze chumvi kidogo na pilipili ya unga, lioke nyuzi 100 kama ndizi. Linatoka chachu, kali, kavu, na ukiweka bakuli mezani wageni wanaacha soda zao. Kwa maoni yangu hii inaishinda ndizi mara kumi. Hata lile linalodondoka na upepo kabla halijaiva, ambalo mwenye mti anakupa bure, linafaa alimradi halijapasuka.

Epo ndilo tunda rahisi kuliko yote kwa kazi hii, halina ugomvi. Kata mviringo, toa mbegu, maji ya ndimu, oveni nyuzi 100, saa mbili na nusu hivi, mdalasini kwa juu ukipenda. Tatizo lake ni bei, kwa sababu mengi tunayouziwa kwenye foleni yanatoka Afrika Kusini, ingawa Njombe na Lushoto wanalima. Mtakumbuka Aprili 2025, Tanzania ilisimamisha kwa siku chache mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi, na moja ya malalamiko yetu lilikuwa ndizi zetu kuzuiwa kuingia kwao. Walikataa ndizi, tukakataa epo. Mimi nilisema wangetuma krispi tu, zisingeoza mpakani.

Nimemwacha mfalme wa mwisho: nazi. Ndiyo, nazi nayo ni tunda, uliza mwalimu wa sayansi. Vunja nazi iliyokomaa, bandua nyama yake, kata vipande vyembamba virefu. Hapa moto unapanda, nyuzi 160, na saa unaitupa. Ni dakika 10 mpaka 15 tu! Kila baada ya dakika 4 vuta trei uchanganye. Nyunyiza chumvi kidogo mwishoni. Ila usitoke jikoni, hata kama jirani ana habari mpya kuhusu yule wa nyumba ya pili. Nazi inaanza kuwa ya dhahabu, unapepesa jicho, imekuwa mkaa.

Najua kuna wanaosema, wewe kijana unaongea oveni, sisi tuna jiko la mkaa. Sijawasahau. Chukua sufuria kubwa nzito, tia mchanga safi mkavu chini kama vidole viwili kimo chake, weka kijiwe au kifuniko cha kopo katikati, juu yake sahani ya bati yenye vipande vyako. Makaa machache chini, machache juu ya kifuniko, kama wanavyooka keki za mitaani. Tofauti na keki ni moja: kifuniko usikibane. Kiegeshe kidogo, mvuke upate pa kutokea, la sivyo utakuwa unachemsha ndizi badala ya kukausha. Kwa nazi njia hii inakwenda vizuri sana kwa sababu ni muda mfupi. Kwa nanasi la saa nne utamaliza gunia. Na kazi hii fanyia nje uani. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wanalala wasiamke.

Kuhifadhi sasa, hapo napo pana vilio. Ukiacha krispi wazi kwenye sahani hapa Dar, nusu saa tu zimeshavuta unyevu. Mtu wa Dodoma anaweza kujisahau kidogo, sisi hatuwezi, na masika ndiyo kabisa. Zikishapoa kabisa, siyo vuguvugu, tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Kila siku kwa wiki nzima itikise chupa na uangalie. Ukiona umande ndani ya kioo, zirudishe zote ovenini. Ukiona ukungu, hata kwenye kipande kimoja, tupa chupa nzima. Usichague vizuri ukaacha vibaya, maana ukungu una mizizi usiyoiona. Nazi usiiweke miezi, ina mafuta, itachacha. Wiki mbili tatu ziimalize.

Mwenye sukari asome hapa mara mbili. Tunda likikauka maji ndiyo yameondoka, sukari yote imebaki. Bakuli moja la krispi za ndizi linaweza kuwa ndizi nne au tano, na hakuna mtu anayekula ndizi tano akiwa anaangalia mpira. Vilevile vitamini C nyingi inapotea kwenye joto, kwa hiyo usimnyime mtoto chungwa ukamwambia amekula krispi. Na mtoto wa chini ya miaka minne usimpe hivi vigumu kabisa, vinaweza kumkaba.

Haya mama yangu wa Mbagala, sogea karibu, tupige hesabu ya mkopo.

Chukua ndizi kilo 1 na maganda yake. Maganda peke yake ni karibu theluthi. Unabaki na nyama kama gramu 650. Katika hiyo, robo tatu ni maji. Ukikausha kau mkononi utakuwa na gramu 170 hivi. Yaani kupata kilo moja ya krispi unanunua karibu kilo 6 za ndizi. Nanasi linakatisha tamaa zaidi: ukitoa ganda, kichwa na moyo, nusu imekwenda, na inayobaki karibu yote ni maji. Kilo moja ya krispi za nanasi inameza kilo 12 au 13 za mananasi. Sasa umeelewa kwa nini kale kapakiti ka kichen pati kalikuwa na bei ya wali maharage. Yule muuzaji hakuwa mwizi.

Nazi tazama ilivyo na heshima. Nyama yake maji hayafiki nusu. Kilo moja ya nyama ya nazi inakupa zaidi ya nusu kilo ya krispi, tena kwa robo saa.

Turudi kwenye oveni. Oveni ndogo ya mezani inabeba kama nusu kilo ya vipande kwa mkupuo. Ndizi nusu kilo zilizomenywa zinatoka krispi gramu 130. Ukioka mikupuo mitatu kwa siku, na kila mmoja ni saa tatu ukihesabu kupanga na kupoza, utakuwa umesimama saa tisa, na jioni unahesabu pakiti za gramu 50 hazifiki nane. Nane, mama! Oveni kubwa itabeba zaidi, ni kweli, lakini nayo LUKU itaijua. Oveni ya wati 1500 ikiwaka mfululizo saa tatu inakula uniti nne na nusu. Kwa moto mdogo inawaka na kujizima, kwa hiyo ni pungufu ya hapo, lakini pungufu kiasi gani inategemea oveni yako. Andika namba ya mita kabla hujawasha, andika ulipozima. Hiyo ndiyo hesabu, mengine ni maneno ya muuza oveni.

Halafu hao wateja wako, watoto wa shule. Mtoto anapewa mia mbili, mia tano akiwa na bahati. Kwa pesa hiyo ananunua muhogo wa kukaanga na kachumbari na anashiba. Utampimia krispi ngapi za kilo 6 za ndizi? Vipande vitatu? Atakuona unamtania. Wateja wa kitu hiki ni wa maofisini, wa hotelini, wa kichen pati na send-ofu, watu wanaonunua kwa sababu daktari kawakataza chipsi. Wapo, lakini siyo geti la shule.

Kwa hiyo mkopo, kwa leo, hapana. Marejesho ya kikoba yanaanza kabla hujajifunza hata unene wa kisu, na mwanao chuo hakitamsubiri. Wewe una akiba ya miaka mitatu, hiyo ni kazi kubwa mno kuiweka rehani kwa kapakiti ulikokaonja usiku mmoja. Azima oveni ya jirani, au anza na sufuria yako na mchanga. Fanya nazi, ambayo haikuli muda wala umeme, na embe bichi msimu ukifika. Uza kwa mwezi mmoja kwa watu wa kanisani, msikitini, kazini kwa shemeji, kila shilingi uiandike. Kama mwezi umeisha na watu wanakugongea mlango kuulizia, hapo ndipo utajua oveni unayohitaji ni ya ukubwa gani. Pengine utagundua ni ndogo tu, unaweza kuinunua bila kukopa.

Na siku ukifikia kuuza madukani kwa jina lako kwenye pakiti, pita SIDO, wale wapo tangu 1973 na wanafundisha wajasiriamali wadogo kusindika na kufungasha. Kibali cha chakula siku hizi ni TBS, siyo tena ile iliyokuwa TFDA. Shughuli hiyo ilihamishwa Julai 2019. Pakiti ya nailoni uliyoifunga kwa mshumaa supamaketi hawaipokei.

Mama, ukishakausha kilo ya kwanza nitumie namba tatu tu kwenye simu: gramu ulizopata, uniti zilizotumika, na saa ulizosimama. Nikizipata nitapiga hesabu ya bei hapahapa, wote waione, na wewe sitakutaja jina.

Yule kaka wa Ubungo aliyeuliza kwa nini achari yake ya ndimu inatoa mapovu, subira kaka. Wiki ijayo ni yako. Kwa sasa hivi fungua kifuniko taratibu, na usisimame karibu na shati jeupe.